Kamera iliyopanga foleni: jibu kuhusu Ernest Cole

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga picha za mitaani, na nimetazama filamu ya Raoul Peck ya mwaka 2024 kuhusu Ernest Cole wa Afrika Kusini. Tangu hapo nazitafuta picha zake kila nikipata nafasi. Nina maswali mawili. La kwanza, mtindo wake hasa ni upi? Picha zake hazina mbwembwe, hakuna vivuli vya ajabu wala pembe za kushangaza, lakini nikishaziangalia siwezi kuziacha. La pili, mtu aliyetoa kitabu kizito namna ile akiwa na miaka 27, ilikuwaje asitoe kingine mpaka anakufa? Kipaji kilikwisha?

Jibu: Marahaba. Maswali yako nitayajibu kwa pamoja, kwa sababu naamini yana jibu moja. Mtindo wa Cole ulitokana na mahali aliposimama anapopiga picha, na mahali penyewe palikuwa ndani ya foleni. Watu waliokuwa wakikaguliwa, wakisukumwa, wakisubiri treni, wakifungwa pingu, yeye alikuwa mwenzao, na kamera iliona kutokea pale walipo. Alipoondoka Afrika Kusini mwaka 1966 aliokoa picha na pengine roho yake, lakini nafasi ile kwenye foleni hakuweza kuondoka nayo.

Kwanza tupitie maisha yake, maana bila hayo picha zake hazisomeki.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1940 huko Eersterust, karibu na Pretoria, na jina la ukoo wao lilikuwa Kole. Alikuwa mtoto wa miaka minane chama cha National kiliposhinda uchaguzi wa 1948 na kuanza kuujenga ubaguzi wa rangi sheria baada ya sheria. Mwaka 1950 ilikuja sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake, na nyingine ya kugawa maeneo ya kuishi kwa rangi hizo hizo. Mwaka 1952 ikaja sheria ya kitabu cha pasi, yaani kitambulisho cha kumruhusu kuwepo mjini, ambacho Mwafrika mwanamume alilazimika kuwa nacho mwilini tangu atimize miaka 16. Mwaka 1953 ikafuata sheria ya Elimu ya Kibantu, iliyokusudia mtoto mweusi afundishwe kiasi cha kumtosha kutumwa. Cole aliikataa elimu hiyo. Akaacha shule na kumalizia masomo yake kwa njia ya posta, kupitia chuo cha Wolsey Hall cha Oxford, Uingereza. Mtaa wao ulibomolewa, familia ikahamishiwa Mamelodi. Na siku aliyotimiza miaka 20, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwapiga risasi waandamanaji waliokuwa wakipinga pasi kule Sharpeville, wakaua watu 69.

Shika sheria hizo kichwani, kisha fungua kitabu chake, *House of Bondage*, kilichochapishwa na Random House mwaka 1967. Utazikuta humo zimegeuka sura za kitabu: migodi, polisi na pasi, mitaa iliyobomolewa, treni, watumishi wa nyumbani, shule, hospitali, hadi wale waliofukuziwa maporini kwa sababu za siasa. Wapiga picha wengi wa mitaani hutoka nyumbani wakitegemea mtaa utawapa chochote. Cole alitoka akiwa anajua anatafuta nini, kwa sababu kila sheria ilikuwa imeshapita mlangoni kwao.

Kazi aliianza mwaka 1958 kwenye jarida la *Drum* mjini Johannesburg, akiwa msaidizi wa Jürgen Schadeberg, Mjerumani aliyekuwa akisimamia picha pale. Hiyo ilikuwa shule kuliko shule. Mpiga picha Peter Magubane alikuwa hapo pia, yule aliyepata kuificha kamera yake ndani ya mkate uliokombwa katikati ili apige picha mahali palipokatazwa. Cole alijifunza kazi ya chumba cha giza, kinakosafishwa filamu na picha, na upangaji wa kurasa, akaongezea masomo ya posta ya New York Institute of Photography. Baadaye alitoka na kufanya kazi ya kujitegemea, akiyauzia magazeti mbalimbali.

Katika kipindi hicho alikutana na kitabu cha mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson kuhusu watu wa Moscow. Wengi wakitaja ushawishi wa Cartier-Bresson huwa wanafikiria ile fremu moja iliyonaswa sekunde yenyewe, mtu akiwa hewani juu ya dimbwi. Nadhani Cole alichukua kitu kingine kabisa. Alichukua wazo kwamba kitabu kizima kinaweza kuieleza nchi kupitia watu wasio na cheo: walioko kazini, dukani, kwenye usafiri, barabarani. Kuanzia hapo alipiga picha akiwa na kitabu kichwani. Picha moja moja alizozipeleka magazetini zilimpa chakula, lakini kazi yenyewe ilikuwa inakusanywa pembeni, sura kwa sura.

Sasa kuna jambo ambalo kila ninapolifikiria linaniuma. Mwafrika asingeweza kuzunguka mijini apendavyo. Bila kibali hakuruhusiwa kukaa katika eneo la mji zaidi ya saa 72, na askari yeyote angeweza kumsimamisha na kudai pasi. Mpiga picha wa mtaani asiye na ruhusa ya kuwa mtaani atafanyaje kazi? Cole alibadilisha jina kutoka Kole kuwa Cole, akajinyoosha nywele, akaenda mbele ya wakubwa wa kuainisha watu kwa rangi na kufanikiwa kuandikwa chotara. Machotara hawakubeba pasi. Kwa hiyo, ili aweze kuwapiga picha watu wake, ilimbidi kwanza kwenye karatasi aache kuwa mmoja wao. Karatasi ilimpa njia ya kupita, lakini sura ilibaki ile ile, na barabarani aliendelea kutazamwa na askari kama anavyotazamwa mweusi yeyote.

Twende kwenye picha zenyewe, maana ndizo ulizoniulizia.

Chukua ile ya mgodini. Wanaume walioandikishwa kwenda kuchimba dhahabu wako kwenye uchunguzi wa afya. Wamepangwa mstari, uchi kabisa, wameelekezwa ukutani, mikono juu. Hakuna anayepiga kelele wala anayepigwa. Daktari hatumwoni. Mistari ya miili na mikono iliyoinuliwa inajirudia, na kujirudia huko ndiko kunakokuambia kwamba hili ni jambo la kila siku hapa, limefanyika jana na litafanyika kesho. Angetafuta uso mmoja wenye uchungu, tungepata habari ya mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Alichopiga ni utaratibu.

Na picha hiyo ilipatikanaje? Kamera haikuruhusiwa mle ndani. Inaelezwa kwamba Cole aliipitisha kwenye mfuko wa chakula chake cha mchana. Hebu fikiri maana yake kwa upande wa ufundi. Huwezi kuinua kamera ukaiweka jichoni na kupima fremu yako taratibu, huwezi kuwasha taa, huwezi kumwambia mtu asogee kushoto, na nafasi ya kurudia haipo. Kwa hiyo unapiga kwa mwanga uliopo, kutoka pale ulipo, mara moja au mbili, na mkono unarudi mfukoni. Wewe uliona hazina mbwembwe. Sababu mojawapo ni hiyo, mbwembwe zingemfunga.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Cole alijua serikali ya Makaburu itasema anaongopa. Alitaka picha iweze kusimama kama ushahidi mbele ya mtu asiyetaka kuamini. Pembe ya ajabu humfanya mtazamaji amfikirie mpiga picha. Fremu iliyotulia humwacha na kilichomo ndani ya fremu.

Kuna picha nyingine ya wachimbaji hao hao, wameshamaliza kukaguliwa na wako stesheni wanasubiri kupelekwa mgodini. Kila mmoja ana lebo imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Maelezo ya picha yanatuambia kwamba lebo hiyo inaonyesha shehena ya wafanyakazi ambayo mtu huyo amepangiwa. Yanasema hivyo tu, bila neno la hasira. Shehena! Hasira ameiachia lebo yenyewe.

Hapo tumefika kwenye kitu ambacho wengi wanaomsifu Cole hukiruka: maandishi. Kitabu kile ni cha picha na maneno, na maneno yaliandaliwa kwa msaada wa mwandishi Mmarekani, Thomas Flaherty. Kuna picha maarufu ya wizi wa mfukoni barabarani. Mzungu mmoja ameshikwa chini ya kidevu na kijana mweusi, na amechemka kwa ghadhabu. Ukiitazama bila maelezo utadhani ni ugomvi. Maelezo yanakufungua macho: mzungu wa nchi hiyo hukasirika akiguswa tu na mtu mweusi, sembuse kushikwa kidevu, na vijana wanalijua hilo. Ghadhabu yake ndiyo chambo. Wakati anafura kwa mbele, mkono mwingine uko kwenye mfuko wake wa nyuma. Rudi kwenye picha sasa, utaona ubaguzi wenyewe ukiibiwa kwa kutumia ubaguzi. Picha ilikuwa na kila kitu tangu mwanzo, ila jicho la mgeni lisingejua litazame wapi.

Tazama pia umbali. Yuko karibu nao, hatua chache tu. Kukaa karibu namna hiyo na genge la vijana wezi, wanaoitwa tsotsi, kunahitaji uwe umewazoea na wao wamekuzoea. Ukaribu huo ulimponza, kama nitakavyokueleza. Lakini lenzi ndefu ya kuvutia kutoka ng'ambo ya barabara isingempa picha ile. Ingempa picha ya tukio, bila ule mkono wa nyuma.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya darasani. Mvulana amechuchumaa chini kwa kuwa hakuna dawati, darasa limefurika, na jasho linamtiririka usoni huku amekaza macho kufuata somo. Nakuomba uitazame kwa muda mrefu. Mpiga picha mwingine angeishia kwenye jasho na kutuonyesha taabu. Cole amelenga macho ya mtoto, na mle kuna juhudi ambayo ile sheria ya 1953 ilikuwa imetungwa kuizima. Nikumbushe tu kwamba aliyeipiga ni mtu aliyeiacha shule ya namna hiyo hiyo. Hakuhitaji kuambiwa na mtu mvulana yule anapigania nini.

Na yaya aliyembeba mtoto wa kizungu. Mwanamke huyo alimweleza Cole kwamba anampenda mtoto yule ingawa anajua akikua atamtendea kama mama yake anavyomtendea, ila kwa sasa bado hana hatia. Maneno hayo yamewekwa chini ya picha. Ukiyasoma, tabasamu lililomo linabadilika mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo kazi ya maelezo ya picha kwa Cole, nayo ilimtaka aongee na watu, awasikilize, aandike. Vijana wengi wanaopiga mitaani leo huogopa kuongea na wanaowapiga, wakidhani itaharibu ukweli wa picha. Kwa Cole mazungumzo yalikuwa nusu ya picha.

Kuhusu treni sitasema mengi, zitazame mwenyewe: majukwaa yaliyojaa pomoni, watu wakining'inia nje ya mabehewa, yote ili wawahi kazi kwenye mji ambao sheria inawakataza kuishi.

Watu hubishana kama aitwe mpiga picha wa mtaani au mwanahabari wa picha. Kwangu mjadala huo hauna uzito. Njia zake zilikuwa za mtaani: kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, mwanga uliopo, kungoja, kujichanganya, kufyatua bila kupanga watu. Nia yake ilikuwa ya kuweka kumbukumbu. Nchi ile ilikuwa imeipeleka siasa hadi kwenye benchi la bustani na mlango wa posta, kwa hiyo kupiga picha mtaani na kupiga picha siasa vilikuwa kazi moja.

Sasa swali lako la pili.

Cole alikamatwa akiwa pamoja na vijana wale tsotsi. Polisi wakamtaka awe mtoa habari wao, awachome wenzake. Angekubali angekuwa msaliti, angekataa angefungwa. Mwaka 1966 aliondoka kwa maelezo kwamba anakwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa, na hakurudi tena. Picha zilitolewa nchini kwa siri. Akafika New York, shirika la wapiga picha la Magnum likazisambaza kazi zake, na mwaka uliofuata kitabu kikatoka, na dibaji ya Joseph Lelyveld, aliyekuwa mwandishi wa *The New York Times* huko Afrika Kusini. Nyumbani kikapigwa marufuku. Watu waliomo kwenye kurasa zake wakanyimwa haki ya kukifungua.

Wakfu wa Ford ulimpa fedha za kupiga picha maisha ya Wamarekani weusi, vijijini Kusini na mijini Kaskazini. Karatasini ilionekana kazi inayomfaa kabisa. Lakini jiulize: kule Johannesburg Cole alijua treni gani inajaa saa ngapi, askari husimama kona ipi, neno gani la kumtuliza mlinzi wa getini. Miaka yote ya maisha yake ilikuwa maandalizi ya kitabu kimoja. Alipokanyaga Kusini mwa Marekani alikuwa mgeni mwenye lafudhi ya mbali na ngozi nyeusi, akiwa na kamera shingoni, katika miaka ambayo weusi walikuwa wanauawa kwa kudai haki zao. Yeye mwenyewe alieleza kwamba nyumbani alikuwa akiogopa kukamatwa, na huku aliogopa kuuawa. Ukiwa na hofu ya aina hiyo husogei karibu. Na Cole, kama tulivyoona, kila kitu chake kilitegemea kusogea karibu.

Kulikuwa na mzigo mwingine. Wazungu wa Marekani na Ulaya walioshika kalamu ya kuamua nani achapishwe walimjua kwa jambo moja, mateso ya weusi. Akiwa uhamishoni aliandika kwamba hataki kuishi maisha yake yote akiwa mwandishi wa taabu, dhuluma na ukatili. Watu husoma maneno hayo kama ya mtu aliyechoka. Mimi nayasoma kama ya msanii anayedai haki anayopewa mpiga picha mweupe bila kuiomba, haki ya kupiga chochote kinachomvuta.

Alikwenda Sweden mara kadhaa, akashirikiana na wapiga picha wa huko wa kundi la Tiofoto, akajaribu filamu za sinema. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa ameacha kupiga picha. Alipitia kipindi kirefu cha kukosa makazi huko New York, bila kamera, bila negativu zake (filamu asili ambazo picha husafishwa kutoka kwazo), bila nchi ya kurudi. Alifariki Februari 1990 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 49, siku chache baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani tarehe 11 mwezi huo huo.

Kwa muda mrefu hadithi iliishia hapo, na ndiyo iliyozaa wazo kwamba kipaji kilimwishia. Kisha mwaka 2017 zikapatikana negativu zake zaidi ya 60,000 kwenye visanduku vya benki mjini Stockholm, na familia ikakabidhiwa. Nyingi ni za Marekani, na baadhi zimekusanywa kwenye kitabu kilichotoka mwaka 2024. Sasa tunaweza kutazama badala ya kukisia.

Kuna watu waliozitazama wakasema hazina nguvu ya zile za kwanza. Ninawaelewa, ila nadhani wanalinganisha vitu viwili visivyolingana. *House of Bondage* ni kazi iliyochujwa na mwenyewe: miaka ya kupiga, kuchagua, kupanga, kuandika maelezo. Hizi za Marekani ni negativu ambazo Cole hakupata kuzichagua. Waliozichagua ni watu wengine, yeye hayupo, na maelezo yake hayapo. Tumeshaona jinsi picha ya mwizi inavyobaki nusu bila maelezo. Kwa hiyo tunachokiona cha Marekani ni nusu ya Cole, na nusu hiyo haiwezi kuhukumiwa kana kwamba alimaliza kusema.

Hata hivyo, tazama macho yake yalikuwa yanakwenda wapi. Kwenye barabara za New York alipiga wapenzi. Wanashikana mikono, wanakumbatiana, na mara kwa mara mmoja ni mweusi na mwenzake ni mweupe. Kwa mpita njia wa jiji lile hiyo ni picha ya kawaida ya wapenzi barabarani. Kwa mtu aliyetoka kwenye nchi ambayo ndoa ya weupe na weusi ilipigwa marufuku mwaka 1949, na mapenzi yao yalikuwa kosa la kupelekwa jela, kila fremu ya namna hiyo inaonyesha mahali ambapo sheria imekosekana. Jicho ni lile lile. Alikuwa amezoea kuiona sheria juu ya mwili wa mtu, na sasa akawa anakodolea macho miili isiyo nayo. Ndiyo sababu sikubaliani kabisa na habari ya kipaji kwisha. Kilichokwisha ni fedha, afya, watu wa kumsimamia na nchi ya kumpa nafasi ya kusimama.

Ukitaka ushahidi zaidi kwamba furaha haikuwa ngeni kwake, tafuta toleo la *House of Bondage* la mwaka 2022. Limeongezewa sura ambayo haikuwamo kwenye toleo la kwanza, na jina lake Cole alilitunga mwenyewe, lenye maana ya ubunifu wa watu weusi. Humo wamo wanamuziki na wasanii wakiwa kazini, waliopigwa miaka ile ile na mkono ule ule uliopiga mstari wa mgodini. Alikuwa ameziona sura zote mbili za watu wake tangu mwanzo. Dunia ilitaka kwanza kuoneshwa moja.

Kwa kazi yako, nitakupa mambo mawili, na mengine utayapata kwa kutembea. Usihangaike kuiga picha zake za nyeusi na nyeupe zenye chembechembe. Nimeona vijana wengi wakifanya hivyo, wanapata rangi ya Cole bila kupata Cole. Filamu ya wakati huo na mwanga hafifu vilimlazimisha hivyo. Chukua badala yake ile tabia yake ya kuandaa orodha: jambo gani linaendesha maisha ya watu wa mtaa unaoupiga, na linamgusa mtu mwilini wapi, saa ngapi, kwenye mlango upi? Andika, kisha nenda ukasimame hapo mpaka wakuzoee.

La pili ni maelezo ya picha. Ukirudi nyumbani, kabla hujagusa programu ya kurekebisha mwanga, andika chini ya kila picha uliyoichagua kile ambacho mgeni hawezi kukijua kwa kuitazama. Ukikosa cha kuandika, rudi ukaongee na uliyempiga. Na ukipata nafasi ya kukishika kitabu chenyewe, anza na sura ya polisi na pasi. Pitia picha zote kwanza bila kusoma, kisha rudi ukasome.